Wametuletea fundi rangi, dari bado linavuja

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni wapangaji katika nyumba za umma. Dari la bafu letu lina doa la maji. Tulilalamika, akaja fundi akalipaka rangi. Wiki chache baadaye doa limerudi, na sasa lina ukungu mweusi. Ofisi inasema kazi ilishafanyika. Tufanyeje?

JIBU: Mlilalamikia doa, mkaletewa fundi rangi. Barua ijayo itaje uvujaji na mahali unapotokea, ili aje fundi bomba.

Zungushieni doa mstari wa penseli, andikeni tarehe pembeni, pigeni picha. Kisha mwoneni jirani wa juu, maana bila yeye hakuna kipimo. Afunge koki zote, pamoja na ile ya tangi la choo (tangi linalovujia chooni huzungusha mita, mkadhani ni bomba), halafu mtazame mita yake kwa saa moja. Ikizunguka, bomba la maji safi linavuja, na hilo halipumziki usiku wala mchana. Ikitulia, amwage ndoo ya maji kwenye tundu la sakafu tu, bila kulowesha kuta. Doa likikua ndani ya saa chache, kosa liko kwenye bomba la majitaka. Lisipokua, siku inayofuata amwagie kuta za vigae; likikua sasa, kosa liko kwenye kuta. Mara nyingi bomba huwa zima kabisa. Maji hupenya kwenye maungio ya vigae yaliyopasuka, au pale silikoni (ile gundi ya kuziba nyufa) ilipobanduka pembeni mwa sinki la kuogea.

Sasa andikeni: barua moja, kasoro moja. Wekeni namba ya nyumba, tarehe doa lilipoonekana, tarehe lilipopakwa rangi, mlichopima na mlichoona. Ombi liwe wazi: chanzo kizibwe, plasta ikauke kabisa, ndipo rangi ipakwe. Kukauka huko huchukua wiki kadhaa, si siku mbili. Tajeni na tarehe mnayotarajia jibu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Malalamiko ya simu peke yake hayaachi ushahidi. Jirani wa juu naye atie saini kwamba atamfungulia fundi mlango, kwa sababu fundi akikuta mlango wake umefungwa, ofisi itaandika "mpangaji hakupatikana" na kufunga faili.

Kodi endeleeni kulipa. Mkiwa na deni, mazungumzo yatahama kutoka kwenye dari hadi kwenye deni.

SWALI: Dari letu la jipsamu limetuna na maji yanadondoka kupitia taa. Nasi tuandike barua?

JIBU: Hapana, pigeni simu ya dharura leo hii. Kabla ya hapo zimeni breka ya taa hizo kwenye boksi la umeme, mikono ikiwa mikavu; swichi ya ukutani msiiguse. Watoto na vitanda viondoke chini yake, kwani jipsamu iliyoshiba maji huanguka kipande kizima bila kutoa taarifa. Barua ifuate kesho, ikitaja saa mliyopiga simu na jina la aliyepokea.