Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Ubaharia kwa Kijana wa Dodoma

Swali: Ndugu mhariri, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, naishi Kondoa. Nataka kusomea shahada ya ubaharia, na hamu yangu ni kuendesha zile boti kubwa za kifahari. Nikishahitimu nitakuwa nahodha?
*Msomaji, Kondoa*

Jibu: Hapana, mdogo wetu, na ni heri ulijue hilo kabla ya kuomba chuo. Shahada hutolewa na chuo. Cheti cha umahiri, ambacho ndicho kinachokuruhusu kushika zamu ya kuongoza meli, hutolewa na mamlaka ya bahari; kwa Tanzania Bara ni TASAC. Unaweza kuwa na cha kwanza miaka mingi bila kupata cha pili.

Kinachotenganisha viwili hivyo ni muda wa baharini. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na 2010, unamtaka afisa wa zamu wa meli ya GT 500 na kuendelea (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli) awe ametimiza miaka 18, awe na cheti cha mawasiliano ya redio, na awe amefanya kazi melini kwa miezi isiyopungua 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, huku akijaza daftari la mafunzo. Kati ya hiyo, miezi 6 iwe ya kushika zamu kwenye daraja la kuongozea meli, chini ya afisa mwenye sifa. Asiyepitia mafunzo ya namna hiyo hudaiwa miezi 36.

Vijana wengi hukwama hapo: darasani wamefaulu vizuri, meli ya kuwachukua kama kadeti, yaani afisa mwanafunzi, hakuna. Kwa hiyo, iwe ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) au chuo cha nje, uliza kabla ya kulipa: nani ana jukumu la kututafutia meli, chuo au mimi mwenyewe? Darasa lililopita, wangapi walipanda meli, na walisubiri muda gani? Kozi za usalama zimo ndani ya ada? Hizo ni kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama kazini na uelewa wa ulinzi wa meli; bila hizo hakuna meli itakayokupokea. Ukipewa majibu ya kuzungukazunguka, jua umeshajibiwa.

Ukishapanda, lilinde lile daftari. Kazi uliyoifanya leo isainiwe leo, yenye tarehe na jina la meli, na nahodha agonge muhuri kabla hujashuka. Maafisa hubadilishana meli kila baada ya miezi michache; ukishuka na kurasa tupu ukitumaini kusainiwa baadaye, aliyekuona ukifanya kazi atakuwa bahari nyingine na miezi yako itakataliwa.

Jambo jingine kwa nyinyi wa kanda ya kati: Mwanza isiwe njia ya mkato. STCW inahusu meli za baharini, si zile zinazofanya kazi ndani ya maji ya bara peke yake. Kabla hujaitegemea miezi ya Ziwa Victoria, pata jibu la TASAC kwa maandishi.

Sasa boti za kifahari. Huko kuna vyeti maalumu vya maafisa, na vingi vina mpaka wa ukubwa, kwa kawaida chini ya GT 3,000. Kipo pia cheti cha RYA, chama cha waendesha boti cha Uingereza, kiitwacho Yachtmaster Offshore, ambacho mtahiniwa wake anatakiwa awe na siku 50 baharini, maili 2,500 na safari tano zinazozidi maili 60. Kinasaidia, ila hakikupeleki kwenye meli kubwa za mizigo. Ushauri wetu ni uanze na shahada ya meli za biashara: mwenye cheti cha meli kubwa huhamia kwenye boti hizo kwa urahisi, wa boti akitaka meli ya mizigo hurudi nyuma sana. Huo unahodha wa meli za GT 3,000 na kuendelea huja baada ya miezi 36 ya uafisa wa zamu, au 24 ikiwa 12 kati yake ulikuwa afisa mkuu.

Swali: Shikamooni. Wakala ameahidi kumpandisha mwanangu melini, anataka tulipe milioni kadhaa kwanza. Tulipe?
*Mzazi, Kizota, Dodoma*

Jibu: Msilipe, mzazi wetu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia kwa kumtafutia kazi. Gharama hiyo ni ya mwenye meli. Baharia hulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi ya kusafiria tu. Dai jina la meli na namba yake ya utambulisho ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) yenye tarakimu saba, kisha nenda nayo TASAC mkaulize.

Swali: Mimi ni binti, navaa miwani na sijui kuogelea. Je, nitakubaliwa?
*Msomaji, Mpwapwa*

Jibu: Miwani si kizuizi. Kwa afisa wa deki, yaani wa kuongoza meli, kila jicho linatakiwa lifike 0.5 (nusu ya uoni wa kawaida) kwa mbali, na miwani inaruhusiwa. Kinachowaangusha watu ni rangi. Usiku chombo huonyesha taa nyekundu kushoto kwake na ya kijani kulia. Ukiona nyekundu upande wako wa kulia, kuna chombo kinakukatiza na wewe ndiye wa kukipisha; anayechanganya rangi hizo hawezi kuachiwa zamu. Pima kwa daktari anayetambuliwa na TASAC kabla ya kulipa ada yoyote. Kwa treni ya SGR, kwenda Dar es Salaam ni safari ya siku moja kutoka Dodoma. Kuogelea jifunze kwenye bwawa la hoteli lenye mwalimu, usiende Mtera, kuna mamba na viboko.

Swali: Nisome nini nikiwa bado nyumbani?
*Msomaji, Bahi*

Jibu: Hesabu za pembetatu na dira. Dira ya meli ina makosa mawili: la sumaku ya dunia na la vyuma vya meli yenyewe. Kutoka kwenye dira kwenda mwelekeo wa kweli, kosa la mashariki unajumlisha, la magharibi unatoa. Tuseme dira inasoma 045°, meli ina kosa la 4° magharibi, dunia 3° magharibi. Kweli ni 038°. Wengi hujumlisha na kupata 052°. Kanuni ya haraka: digrii moja katika maili 60 ni maili moja pembeni. Zile 14° za tofauti kati ya 038° na 052° katika maili 30 zinakupeleka kama maili 7 nje ya njia, na maili ya baharini ni mita 1,852. Chora hesabu hiyo kwenye karatasi ya gridi kwa rula na protrekta, kisha irudie ukibadilisha mashariki na magharibi mpaka usikosee alama hata mara moja.