Muulize Fundi: Filta kumi na nne kwenye laptopu moja

Shikamoo Fundi. Nina laptopu ya mtumba, RAM GB 4, picha zote inategemea HD 4000 ya Intel iliyomo ndani. Nacheza GTA San Andreas. Rafiki yangu kaniwekea ReShade, ile programu ya kupaka filta juu ya picha ya gemu, na faili la mipangilio alilolishusha mtandaoni. Picha imebadilika kweli, jua linawaka, ila gemu linagandaganda, feni inalia kama mashine ya kukoboa, na maandishi ya misheni yana ukingo mweupe. Kuna na vivuli vyeusi vinatembea angani nikigeuza kamera. Nikiongeza RAM vitaacha? – Msomaji, Kahama

Marahaba. RAM tutaifikia, kwanza hilo faili. Lifungue kwa Notepad, ni maandishi na namba tu, uhesabu filta zilizowashwa. Wiki iliyopita nililetewa dukani laptopu yenye ugonjwa kama wako, nikakuta kumi na nne. Mwenye kulitengeneza bila shaka ana kadi ya picha kubwa kuliko laptopu yako nzima.

Uelewe ReShade inakaa wapi. Kwa San Andreas, ambayo ni gemu la DirectX 9 (njia ya Windows ya kuchora picha za magemu), inajiweka kama faili la d3d9.dll kando ya gta_sa.exe. Gemu linadhani linaongea na Windows, kumbe linaongea na yeye. Fremu ikishachorwa, ReShade inaidaka, inaipaka, ndipo inaiachia kwenye skrini. Ni kama picha ya bibi harusi ambayo imeshapigwa: kwenye simu utamng'arisha uso utakavyo, lakini shangazi aliyekatwa kichwa pembeni humrudishi. Ndiyo maana maandishi yako yameharibika. Yanafika yakiwa yameshachorwa humo humo, na filta ya kunoa haijui hii ni herufi na hili ni jani la mnazi.

Sasa hesabu. Skrini ya 1366 kwa 768 ina nukta milioni 1 na kidogo. Hata ukipata fremu 25 tu kwa sekunde, filta moja inapitia nukta milioni 26 kila sekunde. Zidisha kwa kumi na nne uone: zaidi ya milioni 360. Na hapo nimezihesabu zote kuwa nyepesi, wakati filta za vivuli na za mng'ao zinachungulia nukta za jirani mara nyingi kabla ya kupaka moja. Feni ina haki ya kulia.

Bonyeza kitufe cha Home ndani ya gemu ufungue menyu ya ReShade, zima filta zote, cheza dakika tano hivyo hivyo. Jicho lirudi. Kisha washa Vibrance, ambayo inakoleza zaidi rangi zilizofifia kuliko zile ambazo tayari zimekolea, na iweke ndogo. Ya pili ni ya kunoa. LumaSharpen inakuja na nguvu ya 0.65, mimi kwenye skrini ndogo siivuki 0.3. Bora zaidi jaribu CAS, iliyotokana na kazi ya AMD: inapunguza mkono penye tofauti kubwa ya mwanga na giza, kwa hiyo ukingo mweupe wa maandishi utapungua. Ukitaka kulainisha kingo za ngazi-ngazi, ongeza SMAA, lakini iwe juu ya CAS kwenye orodha, maana filta zinafanya kazi kutoka juu kwenda chini. Ukinoa kwanza, unazinoa ngazi zenyewe. Ukisharidhika, weka tiki kwenye "Performance Mode". Namba zinafungwa, kazi inakuwa nyepesi.

Vile vivuli vya angani ni MXAO, filta ya kuongeza vivuli, au ndugu yake. Inahitaji kujua kila kitu kiko mbali kiasi gani na kamera, na kwenye gemu la DirectX 9 ikiwa umewasha antialiasing (kulainisha kingo) ya gemu lenyewe, ReShade mara nyingi haiupati umbali huo, inabaki kubahatisha. Kwa mashine yako sikufundishi kuirekebisha. Itoe.

RAM, ndiyo, itasaidia. HD 4000 haina kumbukumbu yake, inakula humo humo kwenye RAM. Kama GB 4 zako ni kijiti kimoja, kijiti cha pili kwenye nafasi ya pili kinaipanulia njia. Ila zima kwanza, usije ukanunua RAM ya kulisha filta.

Na jua la rangi ya chungwa ulilolipenda? San Andreas ya PlayStation 2 ya mwaka 2004 ilikuwa na ukungu huo wa chungwa tangu mwanzo. Toleo la kompyuta ndilo lililokuja limepoa.

Nikitumia ReShade kwenye magemu ya mtandaoni nitafungiwa akaunti? – Msomaji, Tanga

Inategemea gemu, soma masharti yake kwanza. ReShade ya kawaida yenyewe inafunga habari za umbali ikiona gemu linawasiliana na mtandao, watu wasije wakaona maadui nyuma ya ukuta. Lile toleo la pili la ReShade, lenye ruhusa zote za nyongeza, ni la kucheza peke yako. Akaunti uliyoihangaikia miaka miwili usiipeleke huko.

Fundi, gemu la mpira la PES 2017 kwenye laptopu liko safi, nikiunganisha TV kwa HDMI nyasi zinapauka na jezi nyeusi zinakuwa kijivu. Niweke filta gani? – Msomaji, Bukoba

Usiweke. Mimi hili lilinila mchana mzima. Jamaa alileta TV yake dukani, nikaongeza kontrasti kwa ReShade, nikakoleza weusi, jezi zikakaa sawa lakini nyuso za wachezaji zikawa kama mkaa. Mdogo wake, wa darasa la nne hivi, alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda akisubiri, akauliza, "Mbona na hizo aikoni za Windows zimepauka?"

Nikafunga gemu. Kweli. Laptopu ilikuwa inatuma rangi za 16 hadi 235, kama za televisheni, na TV inasubiri 0 hadi 255. Weusi wa 16 ukasomwa kuwa kijivu. Nikaingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha, upande wa skrini, palipoandikwa "Quantization Range", nikaweka "Full". Sekunde kumi. Hela ya ufundi nilichukua nusu, na kile kijana nikamnunulia soda.