Kle ya 17 niliyoichoma mwenyewe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: vifaa vya mkono vya mafundi, vya zamani na vya leo, vipi ni bora? Mimi natengeneza magari hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, mwaka wa 22 sasa. Naomba kwanza tuache kuhesabu umri wa chuma.

Mjomba wangu alikuwa fundi mitambo Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi walipoondoka katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, naye alirudi nyumbani akafungua gereji uani. Alikuwa na kle, spana kama wengine mnavyoziita, za Facom, chapa ya Ufaransa, alizozinunua moja moja kwa mshahara wake. Kazi nimejifunzia mikononi mwa kle hizo. Ya 13, yaani ya milimita 13, bado ninayo. Ukiivisha nati, haichezi hata kidogo. Kwa hiyo nawaelewa wazee wanaosifu vya zamani. Ila tunavyoviona leo ni vile vilivyosalia. Vibovu vya miaka ile vilishapasuka, vikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna anayevikumbuka.

Mwaka jana nilinunua sokoni seti mpya inayong'aa, kila kle imepigwa muhuri kwamba ni chuma cha kromu na vanadi. Siku ya pili nikaishika ya 14 kufungua bolti ya Hilux. Mdomo ulipanuka, ukateleza, ukala pembe zote sita, na vidole vyangu vikagonga chesisi. Mchana mzima nilikuwa na tindo na nyundo juu ya bolti moja, na muda ule sikuweza kumdai mteja. Muhuri mtu yeyote anaweza kuupiga. Ugumu wa chuma hautoki kwenye muhuri, unatoka kwenye kufuliwa, kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo.

Sokoni naona vijana wanapima kle kwa uzito, wanachukua iliyo nene. Mara nyingi unene ule umewekwa kwa sababu chuma chenyewe ni dhaifu. Kle nzuri yaweza kuwa nyembamba, ikapenya pale nene inapokwama. Beba nati mpya mfukoni, uivishe kle palepale mbele ya muuzaji, uitikise. Ikicheza, irudishe. Hakikisha tu saizi ni yake: bolti ya unene wa milimita 8 kwenye Toyota huwa na kichwa cha 12, kwenye gari la Mjerumani 13. Na kwenye mashine za inchi, nusu inchi ni milimita 12.7; kle ya 13 itaingia, kisha itakula pembe.

Kuna mahali vipya vimeshinda kabisa. Klike ya mjomba, kile kishikio cha soketi, ina meno 24: lazima uizungushe digrii 15 ndipo ishike jino linalofuata. Yangu mpya ina meno 72, digrii 5 zinatosha. Ukiwa umelala chini ya gari, mkono umebanwa nyuma ya stata, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utamaliza leo au utashusha injini.

Na vingi vya zamani tumeviua wenyewe. Kle ya 17 ya mjomba niliipasha moto hadi ikawa nyekundu, nikaipinda ifike kwenye nati iliyojificha, nikaiacha ipoe polepole. Kazi siku ile ilikwisha. Tangu hapo mdomo wake ni laini, unafunguka kwa nati yoyote iliyokaza. Kle iliyodumu miaka yote ya mjomba, mimi niliimaliza kwa dakika kumi.

Kijana ninayemfundisha nimempa ile ya 13 na klike mpya. Ya 17 nimeitundika ukutani, juu kabisa ya mtungi wa gesi ya kuchomelea, aione kabla hajawasha moto.