Mwembe Usikatwe kwa Ajili ya Waridi

SWALI: Shikamoo bibi. Naishi Ujiji, nyumba ya urithi, na uani kuna mwembe mkubwa unaofunika karibu kiwanja chote. Nimepanda mawaridi mara tatu: yanarefuka kama fimbo, yanapukutisha majani, yanakufa. Mume wangu anataka mwembe ukatwe. Mama mkwe hataki hata kusikia. Nifanyeje nami nipate maua? – Mama Wawili, Ujiji.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe ameshinda, mwambie nimesema mimi. Waridi linataka jua lisilopungua saa sita kwa siku. Chini ya mwembe utaendelea kuzika miche tu.

Tena hapo kivuli ni nusu ya shida, nusu nyingine ni kiu. Manyunyu huishia juu ya majani, na mvua ikifika chini mizizi inaiwahi. Nilijifunza kwa hasara hapa kwangu Mwanga: nilichimba vishimo ishirini shinani mwa mwembe, nikakata mizizi ovyo, nikapanda. Kufika Julai hakuna hata mche mmoja. Siku hizi natumia masufuria yaliyotoboka, na kila moja nalipandisha juu ya matofali mawili, maana likikaa chini mizizi ya mwembe huingilia matundu na kunywa humo humo. Weka udongo sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, na mchanga kidogo.

Anza na impeshensi. Ni mmea wa huku huku Afrika Mashariki, wa misitu yenye unyevu, kwa hiyo kivuli ndiyo kwao. Shina lake laini limejaa maji, ua lina mkia mwembamba kwa nyuma, na rangi ni nyekundu, waridi, chungwa, nyeupe. Omba tawi kwa jirani, litie kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi. Tumba lake likikomaa ukaligusa, linapasuka na kurusha mbegu. Wajukuu zangu hawaachi hata moja, ndiyo maana miche inajiotea hadi kwenye nyufa za sakafu.

Begonia nayo itakufaa, ila usiizidishie maji, huoza. Kaladiamu ni ya majani, mekundu na meupe; kiangazi hupotea ardhini, usidhani imekufa ukaitupa. Utomvu wake unawasha vibaya mdomoni, basi iweke mbali na watoto.

Barazani, pasipopigwa na jua kali, weka violeti ya Usambara. Dunia nzima inaifuga madirishani, na asili yake ni milima yetu ya Tanga. Mjerumani mmoja mtawala, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 ikapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kutokana na jina la huyo Baron. Sisi tunainunua kama ya kigeni! Imwagilie kwa chini, kwenye kisahani, maana maji baridi yakigusa majani huacha mabaka. Jani moja lenye kikonyo ukilichomeka kwenye udongo laini linatoa mche.

Maembe yakianza kuiva, sogeza masufuria yote kando. Embe linalodondoka linaponda begonia nzima, na mawe ya wanaotungua ndiyo usiseme.