Unataka udiwani Nairobi 2027? Anza na Fomu 36A

Kila nikikutana na kijana anayetaka kuwa MCA (diwani), huanza na habari ya pesa: mabango, fulana, gari la matangazo. Nimekuwa wakala wa wagombea huku Eastlands, 2017 na tena 2022, na ninalomwambia ni hili: kabla hujachapisha hata fulana moja, tafuta matokeo ya wadi yako, kituo kwa kituo.

Matokeo ya udiwani ya kila kituo huandikwa kwenye Fomu 36A, kisha hujumlishwa kwenye 36B. Wengi hutazama jumla tu, na jumla haikwambii ni wapi walikunyima. Chukua 36A uziweke kando ya 34A, zile za urais, za vituo vilevile. Pale diwani alipopata karibu kura sawa na mgombea urais wa chama chake, watu walipiga suti: karatasi sita, chama kimoja. Hapo hata ukihutubia mpaka sauti ikauke, Agosti, siku ya kura, umechelewa. Pigania tiketi kwenye mchujo wa chama, basi. Lakini pale diwani alipompita mgombea urais wake, au alipoachwa mbali naye, watu walimwangalia mtu. Mara nyingi ni mambo ya basari, taka na maji. Hapo ndipo pa kupeleka miguu yako.

Angalia usidanganyike, lakini. Kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja huwa na vituo kadhaa, na watu hugawanywa humo kwa herufi za majina, si kwa mitaa. Nimeona timu ya kampeni ikibishana usiku kucha kwa nini kituo cha tatu kimewakataa, kumbe ni alfabeti tu! (Na kwetu Kenya, herufi ya kwanza ya jina husema mengi kuhusu kabila.) Jumlisha shule nzima, ndipo uilinganishe na nyingine.

Halafu kuna wapangaji. Anayekaa Umoja leo huenda bado kura yake iko Kayole alikohama, au kijijini kwao. Wanaojaa mkutanoni kwako si lazima wawe kwenye daftari la wadi yako. Ukishamsalimia mtu, muulize anapigia wapi. Kama ni kwingine, mweleze jinsi ya kuhamisha kura mapema, kabla usajili haujafungwa. Ni kazi ya kuchosha, mlango kwa mlango, na haina picha za kuweka Facebook.