Hamu ya Neno haisubiriwi

Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Mkesha wa mwaka mpya niliwaka moto, sasa nimepoa kabisa. Nifanyeje hamu irudi? (Majengo, Moshi)

Swali hili huja kila mwaka, tena huja na ombi la kuelekezwa kwenye mkesha mwingine. Simwelekezi mtu huko. Mkesha ni mzuri, ila ukitegemea mikesha utaishi kwa kuwaka na kuzima mpaka uzeeni. Paulo alimwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa, yaani uchaji wa Mungu (1 Timotheo 4:7), na mazoezi hufanyika hata siku ambayo mtu hajisikii. Kwa wengi hamu hufuata nyuma ya mazoea.

Anza na dakika 15. Tatu za kutulia na zaburi fupi, saba za kusoma sura moja, tano za kuomba kwa kile ulichosoma. Zifanye kabla hujashika simu, na usomee Biblia ya karatasi, kwa sababu ukifungua ile ya kwenye simu, ujumbe wa WhatsApp utakupokea mlangoni. Kwenye daftari andika sentensi mbili tu: Neno limesema nini, na leo nitafanya nini kabla ya kulala. Hiyo ya pili ndiyo wengi huiruka, halafu wanashangaa mbona wanasoma na hawakui.

Usianzie Mwanzo. Wanaoanzia huko huenda vizuri mpaka Kutoka 25, vipimo vya hema vinapoanza, na wengi huishia Walawi. Anza na Injili ya Marko, yenye sura 16 tu. Ukimaliza, soma Agano Jipya lote kwa mpangilio. Lina sura 260, kwa hiyo sura moja kwa siku tano za juma inakumalizia mwaka, na siku mbili zinabaki za kupumzika au kurudia.

Ukikosa siku tatu, usisome sura nne ili kufidia. Deni ndilo linalowaua wengi: linakua, linatisha, kitabu kinafungwa. Soma ya leo, songa mbele.

Mimi ni konda, naondoka Ngaramtoni saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku. Nitaomba saa ngapi?

Danieli alikuwa na kazi nzito serikalini na aliomba mara tatu kwa siku. Wewe gawanya vilevile: ukiamka, gari likisubiri abiria stendi, na kabla ya kulala. Kariri zaburi fupi, aya moja kwa siku: Zaburi 117 ina aya mbili, 131 ina tatu, 121 ina nane. Ndani ya wiki mbili utakuwa nazo zote kichwani, na abiria hawawezi kukunyang'anya.

Tena, lala. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena, akala tena (1 Wafalme 19). Uchovu wa mwili tunauita baridi ya kiroho mara nyingi mno.

Kuna mafuta ya upako ya kuongeza kiu ya Neno?

Hapana. Nimeshajibu hili, na nitajibu hivihivi likirudi. Pesa hiyo nunua Biblia.

Nataka kufunga siku tatu kavu, bila chakula wala maji, ili nivunje ukavu wa kiroho. Nina kisukari, natumia sindano. (Sakina, Arusha)

Usifunge hivyo, tafadhali. Mtu wa insulini asipokula, sukari inaweza kushuka ghafla: kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa, kisha kuzimia. Ongea na daktari wako kabla ya kugusa ratiba ya chakula. Na akitokea mtumishi wa kukuambia uache dawa, ziwe za sukari, presha au VVU, kwa kuwa umeshapona, ondoka mbele yake siku hiyohiyo. Jambo hili linaua waumini.

Unaweza kufunga kitu kingine, kwa mfano simu na runinga kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mwenye afya njema aanze na mlo mmoja, anywe maji, na pesa ya mlo huo aipeleke kwa jirani asiye nacho. Isaya 58 unaunganisha mfungo na mwenye njaa, sisi tumeutenganisha.

Naomba sana lakini moyo mkavu. Mimi na kaka yangu hatusalimiani miaka kadhaa, tuligombania kihamba, shamba la ukoo. Je, kuna uhusiano?

Upo, na nadhani unaujua ndiyo maana umeuliza. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka madhabahuni, ukapatane kwanza.

Usisubiri Desemba, ukoo mzima ukiwa umekusanyika na kila mtu ana neno. Nenda mapema, peke yako, mchana. Taja kosa lako tu, bila kuongeza "lakini na wewe". Mpaka wa shamba usiuguse siku hiyo. Huo una njia yake: wazee wa ukoo, wakishindwa baraza la kata. Kusamehe si kusaini kuachia haki yako, na anayekuambia hivyo huenda ana macho kwenye migomba yenu. Kaka akikataa kukupokea, msalimie tena mkikutana, na uendelee kumwombea kwa jina.