Hesabu miguu kabla ya kuandika jina

Anayeanza kazi ya kupanga mazao ya bahari hukwama kwanza kwenye kamba. Humlaza chali, huona vijiguu chungu nzima, huhesabu hadi kupita 20, kisha huamua huyu si dekapoda, yaani mnyama wa miguu 10. Tatizo ni alipoanzia. Inayohesabiwa ni miguu ya kifuani tu, jozi 5. Mbele yake, karibu na mdomo, zipo jozi 3 fupi za kulia chakula. Nyuma, chini ya mkia, jozi 5 za kuogelea. Mweke kwenye sahani yenye maji, maana akiwa mkavu miguu hugandana, kisha itenganishe kwa kijiti cha meno.

Kwa kaa, makosa hugeuka: wengi huhesabu 8 kwa kusahau kwamba magando nayo ni miguu. Kaa wa mikokoni ana magando 2, miguu 6 ya kutembelea, na 2 ya mwisho iliyo bapa kama kafi. Kambakoche hana magando makubwa; vile vipapasio vinene vyenye miiba visihesabiwe. Kaa wa nazi, anayeonekana kisiwani Chumbe, Zanzibar, ndiye mtihani hasa: jozi ya mwisho ni ndogo na hujificha ndani ya gamba, penye matamvua.

Ukikuta miguu 7, tafuta vishina. Kaa akishikwa mguu mmoja huukata mwenyewe akimbie, kwa hiyo mkamate nyuma ya gamba. Mguu huota tena anapojivua gamba, na ule mpya mwanzoni huwa mdogo.

Jina Decapoda lilitolewa na Latreille, mtaalamu wa wanyama wa Kifaransa, mwaka 1802, kwa Kigiriki deka, kumi, na pous (podos), mguu. Angalieni vitabu vya zamani: ngisi naye aliwahi kuwekwa chini ya jina hilohilo kwa ajili ya mikono yake 10, ingawa ni ndugu wa pweza.

Kiswahili nacho kina mtego wake. “Kamba kilo 5” kwenye orodha ya manunuzi yaweza kuleta kamba za katani. Upatanisho ndio unaookoa: kamba hawa wabichi, kamba hizi mbichi. Vivyo hivyo kaa huyu na kaa hili la moto. Kwenye lebo andikeni “kamba wabichi”, “kaa wazima”. Herufi mbili tatu tu, na mtu wa stoo hana la kuuliza.